Shajara ya mradi: daftari, ankara na tarehe 20 (Mombasa, Julai hadi Desemba 2025)

Julai, wiki ya kwanza

Msamaha wa faini na riba za ushuru ulifungwa tarehe 30 Juni 2025. Aliyemaliza kulipa ushuru aliodaiwa wa hadi Desemba 2023 amepona. Ambaye hakumaliza, nyongeza zinaendelea kumpanda. Mtaani kila mtu anauliza kama mlango utafunguliwa tena. Sisi tumekubaliana kikundini kwamba hatumfundishi mtu kungoja msamaha. Tunamfundisha kuushika mwezi huu alio nao.

Mradi wenyewe ni huu: wenye nyumba za kupangisha wa Majengo na Kisauni, pamoja na wafanyabiashara wadogo wa soko la Kongowea, waingie mwaka 2026 kila mmoja akijua yuko kwenye ushuru upi, akiweza kutoa ankara yake, na akijaza ritani (taarifa ya mapato na ushuru wake) bila kumkabidhi mtu mwingine nywila. Tunajitolea. Hatuna uhusiano na KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), na hilo tunalisema mwanzo wa kila kikao, maana watu hawafungui daftari mbele ya mtu wanayemdhania wa serikali.

Sheria tunayoifundisha, kwa ufupi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilimtaka mfanyabiashara, awe amesajiliwa kwa VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) au hajasajiliwa, atoe ankara ya kielektroniki kupitia mfumo wa eTIMS. Kuanzia Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kutolewa kwenye mapato, isipokuwa chache zilizotajwa, kama vile mishahara. Mwenye nyumba za watu kuishi anayepokea kodi (pango la wapangaji) ya zaidi ya shilingi 288,000 na isiyozidi milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kabla ya 2024 ilikuwa asilimia 10. Mwenye duka ambaye mauzo yake yako kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, tarehe ile ile 20.

Mpaka wa 288,000 watu wengi hawauoni kwa sababu umeandikwa kwa mwaka. Tukiusema kwa mwezi, elfu ishirini na nne, kila mtu anahesabu vyumba vyake papo hapo.

Julai, mwisho wa mwezi

Kazi ya mwezi huu imekuwa kurudisha akaunti za iTax, tovuti ya KRA ya kujaza ritani, mikononi mwa wenyewe. Bado hatujafundisha mfumo wowote. PIN (namba ya mlipa ushuru) nyingi zilifunguliwa saiba, duka la kompyuta na intaneti, miaka mingi iliyopita. Barua pepe iliyoandikwa ni ya kijana aliyekuwa akifanya kazi pale, na alishahama. Laini ya simu iliyosajiliwa ilipotea, au ilikuwa ya marehemu mume. Bila barua pepe na laini, nywila mpya haiji, na bila nywila hakuna lingine linalofanyika. Hawa tunawapeleka Kituo cha Huduma (ofisi ya pamoja ya huduma za serikali) wakiwa na kitambulisho halisi, wabadilishe barua pepe na namba ya simu. Tumeshauri kila mmoja afunguliwe barua pepe yake mwenyewe, nywila iandikwe kwenye karatasi na ikae pale anapoweka hati ya nyumba.

Mzee mmoja wa Majengo alituletea bati la biskuti. Ndani yake mna hati zote za ritani zake tangu 2016, zimepangwa mwaka kwa mwaka, zimefungwa kwa mpira. Mtu makini kupita kiasi. Kila hati inasema mapato ni sufuri. Ana vyumba vinane, vyote vina watu, na kila Juni alikuwa akilipa saiba shilingi mia kadhaa "kumalizana na KRA". Yeye aliamini hati ile ndiyo risiti ya kwamba ushuru umelipwa. Alipoelezwa alikaa kimya, kisha akasema, "Wanangu, nifundisheni niseme kweli, lakini msinifanye niuze nyumba."

Njia ipo: ritani za nyuma zinaweza kurekebishwa, na mtu anaweza kuomba kulipa deni kwa mafungu. Tumeanza naye kwa kujiandikisha kwenye ushuru wa kodi ya nyumba ili mwezi huu usiongezeke kwenye deni. Hao wenye ritani za sufuri ni wengi kuliko tulivyotarajia, na wengi wao hawakukusudia kuficha chochote.

Agosti

Tumebadilisha namna ya kuandikisha wanaokuja. Jina kwenye PIN ni la baba au la bibi, lakini anayepokea kodi ni binti, au msimamizi wa ploti, au mjukuu aliye kidato cha nne. Tukimfundisha mwenye PIN peke yake, anaitikia vizuri, anakwenda nyumbani, na pesa zinaendelea kuingia kwa simu ya mtu ambaye hajawahi kukaa kikaoni. Kuanzia mwezi huu tunaandikisha watu wawili wawili: mwenye nyumba na anayeshika simu. Nywila ya iTax inabaki kwa mwenyewe. Anayeshika simu anajifunza daftari.

Pesa kuchanganyika ndilo tatizo la pili, na ni kubwa. Kodi ya chumba namba tatu, mchango wa harusi, pesa ya shule kutoka kwa mtoto aliye Doha, mauzo ya mandazi: zote zinaingia laini moja ya M-Pesa. Mwisho wa mwezi hakuna anayeweza kusema ipi ni ipi. Ushauri wetu umekuwa wa aina moja kwa wote, laini ya biashara iwe peke yake. Mwenye duka achukue tili au Pochi la Biashara, njia za M-Pesa za kupokea malipo ya biashara. Mwenye nyumba asajili laini ya pili kwa ajili ya kodi tu, na awaambie wapangaji wote siku moja.

Ukurasa wa daftari tulioukubali, baada ya kubishana sana, una safu hizi: tarehe, chumba, jina la mpangaji, kodi ya mwezi gani, kiasi kilichopokelewa, taslimu au M-Pesa, kisha safu za peke yake za maji, stima na amana. Maji na stima tunavitenga kwa sababu mwenye nyumba anazikusanya na kuzipeleka, na amana kwa sababu ni pesa ya mpangaji mpaka siku atakapohama. Vikirundikwa pamoja na kodi, mtu anajihesabia mapato makubwa kuliko aliyo nayo.

Mfano tunaoandika ubaoni ni wa vyumba vinane vya shilingi 3,500. Vyote vikilipa, mwezi ni 28,000, mwaka 336,000, kwa hiyo mpaka umevukwa. Asilimia 7.5 ya 28,000 ni 2,100. Chumba kimoja kikikaa kitupu, kodi iliyopokelewa ni 24,500 na ushuru ni 1,837.50. Hiyo tofauti ya shilingi mia mbili na sitini na kitu huipati bila daftari, kwa sababu asiyeandika hulipa kwa kukisia, na anayekisia kwa woga huandika vyumba vyote vimelipa.

Mwaka huu KRA ilizindua pia eRITS, mfumo wa wenye nyumba wa kuandika nyumba, wapangaji na kodi kisha ushuru ukajihesabu. Ni mzuri kwa aliye na ploti kadhaa na simu janja. Kwa mwenye vyumba vinane tunaanza na daftari. Likikaa sawa, kuhamia huko ni kazi ya mchana mmoja.

Septemba

Kongowea wamekuja kwa mkupuo, na sababu ni hoteli. Hoteli za pwani ya kaskazini zinanunua mboga, matunda na viungo sokoni, na wahasibu wao sasa wanakataa kulipa bila ankara ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo gharama yao wenyewe haikubaliwi. Mama mmoja anayepeleka nyanya na mchicha aliambiwa mzigo wa wiki mbili hautalipwa mpaka alete ankara. Alikuwa tayari kuachana na mteja huyo. Alidhani akiingia eTIMS atatakiwa kuongeza asilimia 16 kwenye kila kreti.

Hofu hii tumeikuta kila mahali, kwa hiyo nieleze polepole. eTIMS ni njia ya kutoa ankara. Haiongezi ushuru mpya. Mama huyu hajasajiliwa kwa VAT, hivyo ankara yake haina VAT, na mboga ambazo hazijasindikwa zimesamehewa VAT hata hivyo. Ankara inaonyesha alichouza, bei, PIN yake, PIN ya hoteli, na namba ya mfumo inayothibitisha kwamba KRA imeiona.

Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Hilo halikuwa tatizo. eTIMS Lite inapatikana kwa kubonyeza *222#, bila intaneti wala kompyuta, na inamfaa mtu mwenye miamala michache. Alibonyeza mwenyewe, kidole kimoja, huku binti yake akisoma kiasi kutoka kwenye daftari. Alipofika mahali pa kuthibitisha alisita, akauliza, "Nikikosea hapa?" Jibu ni kwamba ankara iliyokwisha kutumwa haifutiki, unatoa hati ya kuirudisha, kisha unatoa nyingine iliyo sahihi. Akahesabu upya kreti kwa sauti, akathibitisha. Ujumbe ulipoingia aliusoma mara mbili, akampigia mhasibu wa hoteli hapo hapo kumpa namba ya ankara. Alilipwa.

Mwenye duka la bidhaa lenye stoo anahitaji zaidi ya Lite. Huyo tunamwekea programu ya eTIMS kwenye simu janja au kompyuta, ambayo inashika pia orodha ya bidhaa. Kazi ngumu hapo ni kuingiza bidhaa zote mara ya kwanza. Tunawashauri waanze na zile zinazotoka kila siku.

Kuna jambo la kheri ambalo wengi sokoni hawakulisikia. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inatambua kwamba mkulima mdogo au muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka anaweza kuandikiwa ankara na mnunuzi. Mnunuzi anaianzisha kwenye mfumo, muuzaji anaithibitisha. Kwa hiyo mama wa nyanya anaweza kumwandikia ankara mkulima anayemletea mzigo, na gharama yake ikapata ushahidi.

Oktoba

Mwezi huu ndio uliofungua macho ya wengi, na kwangu mimi ndio kiini cha mradi mzima.

Ushuru wa mauzo wa asilimia 3 unakatwa kwenye mauzo, haujali faida. Tuchukue mama wa mboga anayeuza 150,000 kwa mwezi. Mwaka ni 1,800,000, yumo kwenye ushuru huo, na kila mwezi anadaiwa 4,500. Lakini mzigo wenyewe ameununua 120,000, na hamali, gari na ada za soko vinachukua 10,000. Kilichobaki mkononi ni 20,000. Kulipa 4,500 kati ya hizo ni karibu robo ya chakula cha nyumba.

Sheria inamruhusu aandike barua kwa Kamishna wa KRA kwamba anachagua kutolipa ushuru wa mauzo, atozwe kwa faida kama wafanyabiashara wengine. Kwa faida, shilingi 24,000 za kwanza za kila mwezi zinatozwa asilimia 10, yaani 2,400, na kila mkazi mlipa ushuru ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Faida ya 20,000, kama hana mapato mengine, ushuru wake unakuwa sufuri. Sufuri ya kweli, tofauti kabisa na zile za bati la biskuti.

Ila faida lazima ithibitishwe. Zile 120,000 za mzigo zinahitaji ankara za eTIMS, na ndipo zile ankara anazowaandikia wakulima zinapokuwa na thamani ya pesa taslimu kwake. Asiyekuwa na karatasi analipa kwa mauzo, aliye nazo ana hiari ya kuchagua. Natamani jambo hili lingesemwa redioni kila asubuhi, kwa sababu watu wanadhani ankara zinamnufaisha KRA peke yake.

Mwenye nyumba naye ana hiari kama hiyo. Anaweza kumwandikia Kamishna atoke kwenye asilimia 7.5 na atozwe kwa faida ya mwaka. Hapa Mombasa chumvi inakula mabati, na nyumba ya Kiswahili ya miaka arobaini inadai fundi kila kusi. Lakini fundi wetu wa mabati hana eTIMS. Fundi wa maji hana. Na wengi wa Majengo wana nyumba bila ardhi: kuta ni zao, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi wanalipa kodi ya ardhi wakipewa kipande cha karatasi chenye sahihi. Gharama zote hizo ni halali, na hakuna hata moja iliyo na ankara inayokubalika.

Kwa hiyo tumeacha kufanya vikao viwili. Mwenye nyumba, fundi na mwenye duka la vifaa vya ujenzi wanakaa chumba kimoja. Mwenye nyumba anamwambia fundi mbele ya watu kwamba kazi ijayo anataka ankara, fundi anauliza itamgharimu nini, tunakaa naye anabonyeza *222# mbele ya mteja wake. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wamepata kazi kwa sababu hiyo tu, na wenzao wamewafuata.

Tahadhari tuliyoiandika kwa herufi kubwa ubaoni: kuhama hakumfai kila mtu. Mwalimu mwenye mshahara na vyumba sita anayevuka ule mpaka, kodi yake ikiunganishwa na mshahara inaweza kutozwa hadi asilimia 30 au zaidi. Huyo 7.5 inamfaa, na ikishalipwa imekwisha. Pia kujenga chumba kipya hakuhesabiwi sawa na kukarabati cha zamani. Barua haiandikwi kabla ya daftari la miezi kadhaa kusomwa na kuhesabiwa njia zote mbili.

Novemba

KRA imetangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2026 mapato na gharama zinazoandikwa kwenye ritani zitalinganishwa na data ya eTIMS, ya ushuru wa zuio (unaokatwa na mlipaji kabla hujapokea pesa) na ya forodha. Inahusu ritani za mwaka huu wa 2025, zile ambazo mwisho wake ni 30 Juni 2026. Simu zetu hazijapumzika tangu tangazo litoke.

Tunachowaambia: Tafuteni ankara za mwaka huu sasa, wakati duka ulilonunua bado linakumbuka. Mwombe muuzaji aliyekupa risiti ya mkono akutolee ya eTIMS. Angalia kama PIN yako imeandikwa sawasawa kwenye ankara ulizonazo, maana herufi moja ikikosewa gharama inakwenda kwa mtu mwingine.

Familia za mirathi zimetuchukua muda mwingi kuliko wote. Nyumba ni ya marehemu babu, kodi inakusanywa na kaka mkubwa, inagawanywa Ijumaa kwa ndugu wote, na PIN inayotumika ni ya kaka peke yake. Kwenye karatasi kaka anaonekana tajiri na anadaiwa peke yake. Ndugu wengine hawaonekani. Hapa sisi hatugusi simu. Kama mirathi haijagawanywa, safari ya kwanza ni kwa Kadhi, ijulikane kila mmoja ana fungu gani. Dada mmoja alilisema kikaoni waziwazi mbele ya kaka zake: "Mimi fungu langu nataka liandikwe kwa jina langu, na ushuru wake nitaulipa mimi." Kaka mkubwa alishukuru, kwa sababu mzigo ulikuwa umemlemea. Kikao kile kilikwisha salama, na wamekwisha kufungua jalada.

Desemba

Hali ilivyo. Wenye nyumba waliokaa nasi tangu Agosti wanajaza ritani ya kodi ya kila mwezi wenyewe, na wengi hawangoji tarehe 20. Tumewazoesha tarehe 10, kwa kuwa mfumo huelemewa siku za mwisho. Mzee wa bati la biskuti yuko kwenye mpango wa mafungu na anakuja na mjukuu wake, ambaye sasa ndiye mwandishi wa daftari. Mama wa mboga amekusanya ankara za wakulima wake. Tutahesabu njia zote mbili naye kabla ya kuandika barua yoyote.

Palipokwama: wenye viwanja wanaopokea kodi ya ardhi. Wengi hawaishi Mombasa, wanakusanyiwa na mawakala, na wakala hana ruhusa ya kutoa ankara kwa PIN ya mwenye kiwanja. Tunawaandikia wapangaji wao barua ya mfano ya kuomba ankara, ili ombi litoke kwa wengi kwa wakati mmoja.

Kikao cha kwanza cha Januari kitakuwa cha kujaza kodi iliyopokelewa Desemba. Kila jozi ije na kitambulisho, PIN, simu yenye laini iliyosajiliwa iTax, taarifa ya M-Pesa ya Desemba nzima na daftari, hata kama lina kurasa mbili tu zilizoandikwa. Waliojiandikisha kwenye ushuru wa kodi ya nyumba na wasipokee hata shilingi mwezi huo nao waje, maana ritani ya mwezi huo bado inadaiwa, na faini ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000.